Balozi akikaa Ikulu: Sahle-Work Zewde alikuwa anafanya nini miaka yote ile?

Swali la msomaji: “Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo, nasoma uhusiano wa kimataifa na ndoto yangu ni kuwa balozi. Nimekuwa nikimfuatilia Mama Sahle-Work Zewde wa Ethiopia, maisha yake yote ubalozi alafu akaja kuwa Rais bila hata kupigiwa kura na wananchi. Ila vita ya Tigray imepigwa miaka miwili yeye yupo Ikulu. Sasa pale alikuwa anafanya nini? Na huo ubalozi wa miaka yote ulimsaidia nini?”

Marahaba mwanangu. Swali lako lina uchungu ndani yake, nimeuona, na nimefurahi kwamba unauliza kabla hujaingia kwenye hiyo kazi maana wengi wanakuja kujiuliza wakiwa wameshazeekea humo. Nitakujibu kwa kirefu, vumilia.

Kwanza tuweke sawa neno Rais, hapa ndo watu wengi wanapotea. Sisi Tanzania tukisema Rais tunamaanisha mtu mmoja mwenye kofia tatu, Katiba yetu ibara ya 33 imeandika wazi kwamba Rais atakuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ethiopia hizo kofia wamezigawa. Kwa Katiba yao iliyoanza kutumika Agosti 1995 Rais kabaki na moja tu, ya Mkuu wa Nchi. Serikali iko kwa Waziri Mkuu na baraza lake, na jeshi pia liko kwake, ibara ya 74 inamtaja Waziri Mkuu kuwa ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Kwa hiyo vita ya Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, ilipoanza Novemba 2020 aliyetoa amri kwa majeshi ni Waziri Mkuu Abiy Ahmed, na kisheria hakuhitaji saini wala ruhusa ya Mama Sahle-Work. Ukimuuliza Mama kwa nini hakuizuia ile vita unamuuliza mtu ambaye hakupewa breki.

Alichopewa kiko ibara ya 71. Anafungua kikao cha mwaka cha mabaraza yote mawili ya Bunge, anatangaza sheria na mikataba kwenye Negarit Gazeta ambalo ndo gazeti rasmi la serikali kule, anateua mabalozi kwa mapendekezo ya Waziri Mkuu, anapokea hati za utambulisho za mabalozi wanaotoka nje, anatoa nishani, anatoa vyeo vya juu vya jeshi (hivyo navyo kwa mapendekezo ya Waziri Mkuu) na anatoa msamaha kwa wafungwa kwa mujibu wa sheria. Imeishia hapo.

Alafu soma ibara ya 57 yao, mimi kila nikiwafundisha wanafunzi huwa naisoma mara mbili. Inasema Bunge likipitisha sheria inapelekwa kwa Rais asaini, na asiposaini ndani ya siku 15 sheria inaanza kutumika bila saini yake. Linganisha na ya kwetu, ibara ya 97, Rais wetu akikataa muswada anaurudisha Bungeni na sababu zake, wakiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote anatakiwa asaini ndani ya siku 21 au alivunje Bunge. Yaani wa kwetu akigoma nchi nzima inatikisika, wa kule akigoma zinahesabiwa wiki mbili na siku moja maisha yanaendelea. Sasa mtu anayepelekwa kwenye kiti cha namna hii anatafutwa awe na sifa gani? Hilo ndo swali kubwa kuliko lile la kwa nini hakuizuia vita, na jibu lake ndo linaeleza kwa nini wanatafuta mabalozi.

Angalia orodha. Rais wa kwanza chini ya Katiba hii, Dk. Negasso Gidada, 1995 hadi 2001, alikuwa mwanahistoria lakini pia mwanasiasa mwenye chama nyuma yake. 2001 chama tawala kilipopasuka akagombana na wenzake akina Meles Zenawi, Waziri Mkuu wa wakati huo, akiwa bado amekaa kwenye kiti, ikawa aibu kubwa, na alipotoka na kuamua kugombea ubunge 2005 kama mgombea binafsi (akashinda tena kule kwao Dembi Dolo) wakamnyang'anya marupurupu ya Rais mstaafu kwa sababu sheria iliyotungwa 2001 ilikuwa inawataka marais wastaafu wasijihusishe na siasa za vyama. Baada yake wakaweka mzee Girma Wolde-Giorgis, asiye na kundi ndani ya chama, akakaa vipindi viwili, miaka 12. Kisha 2013 Mulatu Teshome, ambaye walimchukua akiwa balozi Uturuki. 2018 Sahle-Work Zewde. 2024 Taye Atske Selassie, balozi wao wa zamani Umoja wa Mataifa na wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Watatu mfululizo wametoka diplomasia! Hiyo kwangu sio bahati. Walishaonja rais mwenye msimamo wa kisiasa na kundi lake, hawakutaka tena, wakaanza kutafuta mtu mwenye heshima kubwa nje ya nchi na asiye na watu wa kumfuata ndani ya nchi. Balozi wa kazi ndo mtu huyo kamili. Amekaa miaka nje, hana jimbo, hana tawi la chama, hana jeshi, na jina lake ni safi.

Na wala tusijifanye sisi Afrika Mashariki hatuijui hii habari. Uganda 1963 walimfanya Kabaka Mutesa II kuwa Rais asiye mtendaji huku Milton Obote akiwa Waziri Mkuu. Tofauti ni kwamba Mutesa alikuwa na Buganda nzima nyuma yake, kwa hiyo kile kiti cha heshima kikageuka kambi ya pili ya madaraka, na ikaishia Mei 1966 jeshi linavamia jumba lake Mengo na yeye anakimbilia London akafia huko 1969. Ukiyaweka hayo pamoja na ya Negasso unaelewa kwa nini watawala wanaogopa rais wa heshima mwenye watu. Hapa kwetu kinyume chake, Rais ni mtendaji, kwa hiyo balozi akitaka Ikulu lazima apite kwenye chama. Benjamin Mkapa alikuwa balozi Nigeria, Canada na Marekani ila alifika Ikulu 1995 kupitia CCM na kura. Dk. Salim Ahmed Salim, ambaye kwangu ndo mwanadiplomasia mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao, balozi Misri akiwa na miaka 22, Katibu Mkuu wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) pale pale Addis Ababa kuanzia 1989 mpaka 2001, aliomba 2005 akaishia kushindwa na Kikwete ndani ya chama. Miaka ile yote ya nje ilimpa jina duniani, kura za wajumbe zinatafutwa Dodoma. Kilichomwangusha Salim hapa ndicho kilichompandisha Sahle-Work kule, yaani kutokuwa na kambi.

Sasa nikueleze maisha yake maana huko ndiko utakapojifunza kazi.

Amezaliwa Addis Ababa tarehe 21 Februari 1950, mtoto wa kwanza kati ya mabinti wanne, baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Mfalme Haile Selassie. Alisoma Lycée Guebre-Mariam, shule ya Kifaransa pale Addis, kisha akaenda Ufaransa, Chuo Kikuu cha Montpellier, akasomea sayansi asilia. Ndio, sayansi, sio siasa. Kilichomfungulia njia baadae ni lugha, Kiamhara cha nyumbani, Kifaransa cha shule na Kiingereza. Alianzia Wizara ya Elimu upande wa uhusiano wa umma ndipo mwishoni mwa miaka ya 1980 akahamia Mambo ya Nje.

1989 anapelekwa Senegal kuwa balozi, mwanamke wa pili katika historia ya Ethiopia kushika ubalozi, wa kwanza alikuwa Yodit Imru. Akiwa Dakar anawakilisha pia nchi za jirani kama Mali, Gambia, Guinea, Guinea-Bissau na Cape Verde. Sasa simama hapo kwenye mwaka. 1989 serikali iliyomteua ni ya dikteta Mengistu Haile Mariam. Mei 1991 Mengistu anakimbilia Zimbabwe, waasi wa EPRDF, ndo hao waliokuja kuwa chama tawala, wanaingia Addis tarehe 28, utawala wote unabomoka, jeshi linavunjwa, mawaziri wanatiwa ndani. Na balozi aliyeko Dakar? Anabaki kazini mpaka 1993, alafu serikali mpya inampa kituo kingine tena kizito kuliko cha kwanza. Wapo wanaosema hiyo ni kujipendekeza. Mimi sikubali. Balozi wa kazi anatumikia dola, serikali zinakuja na kuondoka, na nchi iliyofukuza kila mtu aliyefanya kazi na utawala uliopita inabaki bila mtu anayejua mafaili. Ila nakubali kuna gharama, mtu anayevuka tawala namna hiyo anajifunza mapema sana kuchunga mdomo, na hilo tutalirudia.

Kituo hicho kizito kilikuwa Djibouti, 1993 hadi 2002, miaka tisa, na hapa naomba usipite haraka. Mei 1993 Eritrea inakuwa nchi huru rasmi na Ethiopia inabaki bila bahari. Mwanzoni haikuuma sana kwa sababu walikuwa bado wanatumia bandari ya Assab iliyokuwa imebaki upande wa Eritrea. Mei 1998 vita ya mpaka inalipuka baina yao, Assab inafungwa, na ghafla karibu kila kitu kinachoingia Ethiopia, mafuta, ngano, mbolea, vipuri, na hata silaha, kinapita bandari moja ya nchi ndogo sana inayoitwa Djibouti. Nchi ya watu makumi ya mamilioni inategemea geti moja, na mtu wa Ethiopia aliyekaa kwenye hilo geti ni Sahle-Work. Tozo za bandari, malori kwenye ile barabara, makontena yaliyokwama, ushuru, reli ya zamani iliyojengwa na Wafaransa inayosuasua, yote hayo ni kazi ya ubalozi mwanangu, wewe usifikiri ni kushika glasi kwenye dhifa. Na Djibouti hiyo hiyo ndo makao makuu ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kwa hiyo alikuwa mwakilishi wa nchi yake kwenye jumuiya hiyo pia, kipindi ambacho Sudan inawaka na Somalia haina serikali, mpaka mwaka 2000 Djibouti wakaandaa ule mkutano wa amani wa Wasomali pale Arta. Ukiniuliza balozi huyu alipikwa wapi nitakwambia Djibouti. Watu wanapenda kutaja Paris.

Paris ilifuata, 2002 mpaka 2006, balozi Ufaransa na mwakilishi UNESCO, akihudumia na Tunisia na Morocco. Akarudi nyumbani akawa mwakilishi wa Ethiopia Umoja wa Afrika na mkurugenzi mkuu wa masuala ya Afrika wizarani. Hiyo sehemu naipitisha.

2009 akahamia Umoja wa Mataifa, akapelekwa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kuongoza ofisi yao ya kujenga amani iliyoitwa BINUCA. Rais wa huko alikuwa François Bozizé. Kazi ngumu ile, unakaa na serikali isiyokuamini na waasi wasioaminiana, bajeti ndogo, silaha huna, unachokuwa nacho ni ripoti unayotuma New York na uwezo wa kuwakalisha watu meza moja. Aliondoka 2011, miaka miwili baadae Bozizé akapinduliwa.

Alafu ndo akaja jirani yetu. 2011 Ban Ki-moon alimteua kuwa Mkurugenzi Mkuu wa ofisi ya Umoja wa Mataifa Nairobi, UNON, pale Gigiri. Kabla yake hicho cheo kilikuwa kinabebwa na mkuu wa UNEP (shirika la mazingira) au wa UN-Habitat (shirika la makazi) kama kazi ya pili, yeye ndo wa kwanza kukipata kama kazi yake kamili. Alikaa karibu miaka saba. Wakenya waliofanya kazi Gigiri wanamkumbuka, na sio kwa siasa, kazi yake ilikuwa kuhakikisha kituo pekee kikubwa cha makao ya Umoja wa Mataifa kwenye nchi zinazoendelea kinakwenda, mikutano, wakalimani, usalama, majengo, maelfu ya wafanyakazi, makao ya UNEP na UN-Habitat. Juni 2018 António Guterres akamhamishia Addis kama mwakilishi wake Umoja wa Afrika, mwanamke wa kwanza kwenye nafasi hiyo. Alikaa miezi michache tu.

Tarehe 25 Oktoba 2018 Mulatu Teshome akajiuzulu kabla kipindi chake hakijaisha, na siku hiyo hiyo mabaraza mawili yakakaa pamoja yakamchagua Sahle-Work bila kura ya kupinga. Utaratibu wenyewe ni huo, baraza la wawakilishi linapendekeza jina, kikao cha pamoja kinapiga kura, inatakiwa theluthi mbili, kipindi miaka sita, vipindi visizidi viwili. Kwa hiyo usiseme hakupigiwa kura, alipigiwa na wabunge. Wiki moja na kitu kabla ya hapo Abiy alikuwa ametangaza baraza la mawaziri 20, kumi wanawake. Muda mfupi baadae Meaza Ashenafi akawa rais wa Mahakama ya Juu ya Shirikisho na Birtukan Mideksa, aliyewahi kufungwa kwa siasa, akapewa tume ya uchaguzi. Mimi nakumbuka hewa ya miezi ile, amani na Eritrea imesainiwa Julai, wafungwa wanatoka, watu wanarudi kutoka uhamishoni, kila mmoja wetu anayefuatilia Pembe ya Afrika alikuwa anaamka na matumaini. Na yeye kwenye hotuba yake ya kuapishwa alizungumzia amani na wanawake, akawaambia wabunge kwamba kama wanaona leo amesema sana habari za wanawake basi wajue ndo kwanza ameanza. Wakati huo hakukuwa na mwanamke mwingine mkuu wa nchi Afrika, Ellen Johnson Sirleaf alishatoka Liberia Januari na Ameenah Gurib-Fakim alijiuzulu Mauritius Machi. Alibaki peke yake mpaka Machi 2021 Mama Samia alipoapishwa hapa kwetu, tena huyu wa kwetu na kofia zote tatu.

Sasa alifanya nini? Chukua Machi 2020, corona imeingia, magereza yamejaa. Akatumia ile ibara ya 71 akasamehe wafungwa zaidi ya 4,000, wengi wenye makosa madogo ya kifungo kisichozidi miaka mitatu na waliokuwa karibu kumaliza. Msamaha unapitia bodi na wizara, sio mtu anaamka tu na kalamu, lakini saini ni yake na 4,000 ni familia nyingi. Aliwakilisha nchi kwenye misiba na sherehe, Aprili 2022 tulimuona Nairobi kwenye mazishi ya kitaifa ya Mwai Kibaki. Alipokea mabalozi. Alifungua Bunge kila mwaka kwa hotuba ambayo kimsingi ni mpango wa serikali, anausoma yeye, unatekelezwa na mwingine.

Na Tigray? Mwanzoni mwa 2021, wakati serikali yake ilikuwa bado inasema mambo yanakwenda vizuri, alikwenda Mekelle, mji mkuu wa Tigray. Alikutana na wanawake waliobakwa, na aliporudi alisema hadharani kwamba misaada imechelewa kufika kwa wanaohitaji. Wewe unaweza kuona hayo ni maneno madogo. Kwa lugha ya mtu aliyefundishwa diplomasia, Mkuu wa Nchi kusema serikali ya nchi hiyo hiyo imechelewa, tena katikati ya vita, ni sauti kubwa sana. Lakini baada ya hapo sauti ikapungua, na vita ikaenda mpaka Novemba 2022 ilipokuja kufungwa mkataba Pretoria, wasuluhishi wakiwa Obasanjo, Uhuru Kenyatta na Phumzile Mlambo-Ngcuka, na makamanda wakamalizia mambo ya kusalimisha silaha Nairobi. Mtu aliyekuwa Bangui na IGAD na Umoja wa Afrika, aliyewajua wasuluhishi karibu wote wa bara hili, alikuwa amekaa Addis kwenye kiti ambacho hakikumruhusu kusuluhisha nchi yake mwenyewe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Hapa nitakupa maoni yangu na unaweza kuyakataa. Balozi ni kama mshenga, anapeleka maneno ya watu waliomtuma, anayapamba, anajua wapi akae kimya, ila mahari hapangi yeye. Ukimchukua mshenga ukamweka kuwa mkuu wa familia ataendelea kuwa mshenga. Miaka karibu thelathini ilimfundisha Sahle-Work kusema mambo mazito ndani ya chumba, mlango umefungwa, na huenda alisema, watu wa namna yake huwa wanasema. Lakini rais asiye mtendaji silaha yake ya pekee ni maneno ya hadharani, hana nyingine. Ni kweli hakuwa na madaraka. Ila mimi naamini kwenye ile miezi mibaya ya 2021 na 2022 alikuwa na haki ya kusema zaidi ya alivyosema, na waliokuwa wanapigwa mabomu walistahili kusikia sauti ya Mkuu wa Nchi yao.

Utasema mwalimu unataka makubwa, ni nani amewahi? Yupo. K. R. Narayanan wa India. Naye balozi wa kazi, mtoto wa familia maskini ya Dalit, watu wa tabaka la chini kabisa, kutoka Kerala, aliingia huduma ya mambo ya nje 1949, akawa balozi Thailand, Uturuki, China na Marekani. 1997 akawa Rais asiye mtendaji. Oktoba mwaka huo huo serikali ya I. K. Gujral ikamletea pendekezo la kuivunja serikali ya jimbo la Uttar Pradesh, akalirudisha akiwaomba walifikirie upya, wakaliacha. 1998 serikali ya Vajpayee ikaleta la Bihar, nalo akalirudisha. Kazi ilikuwa ile ile, unyenyekevu ule ule, lakini alisoma Katiba yake mstari kwa mstari akaona panapomruhusu kusema hapana mara moja, akasema. Lazima tumtendee haki Sahle-Work hata hapa, maana Katiba ya India inampa Rais nafasi ya kurudisha ushauri wa mawaziri ufikiriwe tena, ya Ethiopia haina mlango huo. Narayanan pia alishawahi kuwa mbunge vipindi vitatu kabla, aligombea, alisimama kwenye majukwaa akaomba kura jimboni kwake Ottapalam. Nadhani hiyo ndo tofauti iliyonikaa zaidi kichwani. Aliyewahi kuomba kura anajua ana watu wa kuwajibu.

Tarehe 7 Oktoba 2024 Bunge likamchagua Taye na Mama akatoka, kipindi kimoja tu. Siku chache kabla aliandika ujumbe mfupi mtandaoni akinukuu maneno ya wimbo kuhusu ukimya kuwa ndo jibu, akaongeza kwamba amejaribu hivyo kwa mwaka mzima. Watu wakautafsiri kila mtu kivyake. Mimi nauona kama sentensi ya kwanza aliyoandika bila kutumwa.

Sasa wewe mwanangu. Ubalozi ulimsaidia nini? Ulimpa uvumilivu wa Djibouti, lugha tatu, na jina ambalo pande zote za Bunge zingeweza kulipigia kura bila kugombana. Ulimfikisha kwenye kiti. Kile alichohitaji akiwa kwenye kiti, ubalozi haukumpa chote. Kwa hiyo usiache ndoto yako, tunahitaji mabalozi wazuri kuliko wakati wowote, ila jiandae tofauti kidogo. Anza Kifaransa sasa hivi, usisubiri ajira, maana nusu ya meza za Afrika zinaongea Kifaransa na wanadiplomasia wetu wengi wanakaa kimya hapo. Soma habari za bandari na bima na mizigo, sio historia ya vita baridi peke yake. Ukipata nafasi ya mafunzo Chuo cha Diplomasia pale Kurasini ichukue. Alafu ukiwa bado mwanafunzi gombea kitu, hata uongozi wa darasa au serikali ya wanafunzi, simama mbele ya watu uwaombe kura na urudi kuwaeleza ulichofanya. Na tafuta hizo ibara nilizokutajia, ya 57, 71 na 74 za Ethiopia, na 33 na 97 za kwetu, usome mwenyewe, zote hazizidi kurasa chache, ukikwama kwenye yoyote niandikie tena tu.